Mama Alikuwa Bado Hajazaliwa

Baba yangu aliniita mama mpaka siku alipofariki, na wala hakuwa akinitania. Mimi ni binti wa kwanza na wa pekee katika nyumba yake kule Kanja, na kwetu Embu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo siku niliyozaliwa mimi, bibi yangu alizaliwa. Baba akitoka kwenye shamba la kahawa alikuwa ananisalimu kwa heshima zote: "Mama, umeshindaje?" Mama yangu mzazi naye aliniita mama mkwe. Akitaka kunichapa ilimbidi acheke kwanza, maana ni mwanamke gani humchapa mama mkwe wake? Niliwahi kumwaga maziwa ya asubuhi yote, akashika kiuno akaniambia, "Hata wewe, mama mkwe! Na uzee huo!" Nilikuwa bado sijaanza shule. Nilidhani watoto wote duniani ni mama wakwe wa mtu.

Nimeanzia hapo kwa sababu kazi yangu sasa ni kufundisha sosholojia katika chuo kimoja mjini Meru, na kila muhula hufika ile wiki ninayoiogopa, wiki ya kuwaeleza wanafunzi utamaduni ni kitu gani. Neno lenyewe limechezewa mno. Mwanasiasa akivaa ngozi ya kukodi jukwaani, huo ni utamaduni. Hoteli ikiwapanga vijana waruke mbele ya wageni, utamaduni. Mwanamume asipotaka kuosha kikombe alichonywea, ah, huo sasa ndio utamaduni wetu hasa!

Wataalamu nao hawajanipunguzia mzigo. Wapo waliosema utamaduni ni kila kitu mtu anachojifunza kwa kuishi na wenzake, fasili pana kiasi kwamba hakuna kinachobaki nje. Wengine wakasema hapana, ni yale maadili yaliyo vichwani, ndiyo yanayowasukuma watu kutenda. Wakaja wa tatu wakauliza: mbona basi watu wenye maadili yale yale hufanya mambo tofauti? Hao wakaufananisha na kisanduku cha fundi, kila mtu anachukua kifaa kinachomfaa siku hiyo. Na wapo wanaosema hauko kichwani kabisa, uko mwilini, katika namna unavyopokea kikombe na namna unavyonyamaza. Nilikuwa nikiyafundisha haya yote kwa bidii, nikifuta ubao na kuandika tena, na kusema kweli hakuna hata moja nililoliamini sana.

"Madam," kijana mmoja wa nyuma aliniuliza, "si utuambie tu ile moja ya ukweli tuandike? Exam itauliza gani?"

"Andika zote," nikamwambia, "na uombe."

Walicheka. Nilicheka nao, nikakaa, kwa sababu mwaka huo nilikuwa mjamzito na miguu ilikuwa imevimba. Tena nilikuwa katikati ya utafiti wa shahada ya uzamifu, na mada niliyoichagua ilikuwa hiyo hiyo: jinsi familia za Embu na Meru zinavyowapa watoto majina. Nilifikiri nimechagua kitu rahisi. Kanuni yetu inajulikana na kila mtu. Msichana wa kwanza ni mama yake baba, wa pili ni mama yake mama, na kwa wavulana vivyo hivyo upande wa wazee wa kiume. Wameru wana njia zao pia, huweza kumpa mtoto jina la sifa ya mzee badala ya jina lenyewe, lakini ukoo wa mume wangu ulifuata mpango kama wetu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza sababu.

Nikaenda soko la Karurumo na kinasa sauti, nikawakalia wanawake wa watu katikati ya ndizi na maembe. Kwa nini mnafanya hivi? "Ni hivyo tu." Na usipofanya? "Sasa kwa nini nisifanye?" Nilirudi nyumbani na masaa ya sauti za namna hiyo, nimekasirika kama mtu aliyechota maji kwa pakacha. Jambo moja tu lilinikaa. Wanawake wale hawakusema fulani amepewa jina langu. Walisema nimezaliwa. Muuza mihogo alijisifu kwamba amezaliwa kwa wanawe wote. Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akishona gunia, akaniangalia tumbo akauliza, "Na wewe, mama yako amezaliwa?"

"Bado."

"Uko na dada?"

"Niko peke yangu."

"Pole," akasema, kwa sauti ya matanga kabisa. "Basi uzae haraka huyu, halafu uzae mwingine."

Nikamtupia swali la kitaalamu kidogo. Je, si mtu anaweza kumpa mtoto majina mawili, bibi wa huku na bibi wa huku? Akakata uzi kwa meno. "Mtu hazaliwi nusu," akasema, akarudi kwenye gunia lake.

Mama yangu alikuwa na nafasi moja tu ya kuzaliwa, na nafasi hiyo ilikuwa mimi. Baada yangu mimba zake zote ziliharibika, mpaka akaacha kujaribu. Tena kuna jambo ambalo ni lazima nilieleze. Jina la mama yangu lilikuwa halitamkwi na mtu yeyote. Pale Kanja yeye ni Mama Fulani, na huyo Fulani ni mimi, basi. Kanisani wanatumia lile la ubatizo. Baba alimwita kwa jina langu kama watu wengine. Jina lake hasa alilipata kwa bibi yake, huko chini kwenye nyanda kavu za Mbeere alikozaliwa, na waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wamebaki huko au wamekufa. Mimi nililifahamu kwa sababu liko kwenye kitambulisho chake. Sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake.

Mama mkwe wangu alikuwa kinyume chake kabisa. Yule ni mwanamke wa milimani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, kiongozi wa akina mama kanisani kwake, na jina lake analipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe wao. Alikuwa ameshazaliwa kwa wanawe wakubwa. Lakini mume wangu ndiye kitinda mimba wake, na mwanamke asiyeitwa katika nyumba ya mwanawe, hasa ya huyo wa mwisho, anakuwa kama mgeni humo. Alipopata habari za ujauzito wangu aliapa kuwa ni msichana, akashonesha nguo mpya ya kitenge. Akautangazia mtaa mzima kwamba safari hii atazaliwa mjini, katika nyumba yenye maji ya bomba ndani. Mimi na yeye tulipendana kwa vita. Chumvi yangu haikutosha, nepi nilizonunua zilikuwa za watu wavivu, na aliniita mwalimu kwa namna ambayo haikuwa sifa.

Nilijifungua hospitalini mjini Meru, na damu ikakataa kukoma. Madaktari waliniokoa, lakini waliniokoa kwa kukitoa kizazi. Daktari alikuja asubuhi, mwanamke mpole, akakaa pembeni ya kitanda akanieleza polepole, kisha akangoja nilie. Nilimwangalia mtoto. Alikuwa msichana. Na mimi, mwalimu wa sosholojia, mtu wa kuandika kanuni ya kijamii kwenye ubao na kuipigia mstari, nikafanya hesabu ambayo mwanamke yeyote wa Kanja angeifanya. Huyu ni wa mama mkwe. Na yule wa pili hatakuwapo. Hapo ndipo nilipolia, wala sikukililia kizazi. Nililia kwa sababu mama yangu hatazaliwa.

Mama alipanda kutoka Kanja na njahi, yale maharage meusi ya kumlisha mzazi, ndizi za kupika na chupa ya uji. Akamwosha mtoto, akampaka mafuta, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha. "Karibu, mkwe," akamwambia. "Umetua salama." Alikuwa ameshamkabidhi kwa wenyewe. Niliutafuta uchungu usoni mwake nisiuone, alikuwa akiimba. Ila mara moja alipodhani nimelala, nilimwona ameufumba mguu wa mtoto kiganjani, anatazama nje, na hakuwa akiimba. Aliushika mguu ule muda mrefu.

Nani angesema? Mimi sikuweza. Mke anayemwomba mama mkwe aachie jina lake anamwambia hatakiwi katika nyumba ile. Mume wangu alimpenda mama yangu, naye alikuwa hapati usingizi. "Nikimwambia mama," akasema, "si itakuwa nimemfukuza?" Mama yangu ndiyo kabisa, angekufa kwanza. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu na halikuwa na mdomo wa kulisema. Mama mkwe alikuja hospitalini, akaambiwa habari ya upasuaji, akaomba sala ndefu mpaka muuguzi akakohoa, akaondoka bila kuzungumzia chumvi wala nepi.

Siku ya jina ilifika. Kwa ukoo wa mume wangu inafanywa hivi. Wanawake huja kwa nyimbo na kuni na vyakula, lakini hawaingii. Husimama nje ya mlango. Yule anayezaliwa humpokea mtoto, husimama kizingitini, na wale wa nje humwuliza kwa wimbo: ni nani amekuja? Naye hujibu kwa jina lake mwenyewe. Ndipo vigelegele hupigwa, watu huingia, hula. Mpaka swali lijibiwe, hakuna anayevuka mlango, hata mvua ikinyesha.

Walifika kwa gari la kukodi, wanawake wa kanisani kwake na majirani, viazi na mikungu ya ndizi vimefungwa juu. Mama mkwe alikuwa ndani ya kitenge kile, kichwa kimefungwa vizuri, na alikuwa amebeba mzigo wa kuni mwenyewe kutoka barabarani ili watu waone. Mama yangu alikuwa amejificha jikoni. Tulimpa kiti sebuleni akakataa, akasema viazi havina mtu wa kuvimenya. Nilijua kwa nini, na nilimwacha.

Mama mkwe akaniondolea mtoto mikononi, akaenda mlangoni. Wimbo ukaanza. Ukafika kwenye swali. Yeye akafungua mdomo, halafu akageuka nyuma.

"Mkwe yuko wapi?"

Mama akatoka jikoni anajifuta mikono kwa leso.

"Mkwe, hebu nishikie huyu," mama mkwe akasema kwa Kiswahili, lugha waliyozungumza wakikutana, maana mmoja ana Kimeru na mwingine Kiembu. "Mkono yangu inauma."

Mtoto yule alikuwa na uzito wa kuku, na kuni zile zilikuwa bado pale mlangoni. Lakini mama ni mtu wa kushika kitu anachopewa. Akampokea. Na mama mkwe, mikono mitupu, akavuka kizingiti akaenda nje, akasimama katikati ya wanawake wake, akageuka akautazama mlango. Kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde akauliza:

"Ni nani amekuja?"

Palikuwa kimya, kimya kifupi sana. Nilikuwa nimekaa pale karibu, mshono wa upasuaji ukiwa bado mbichi, na niliwaona wote usoni. Hawakutazamana. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Wanawake wale walikuwa wametoka milimani alfajiri kuja kusherehekea jina moja, na katika kimya kile waliliweka chini, wote kwa pamoja, wakauchukua wimbo tangu mwanzo na kumwimbia mama yangu.

Mama alirudi nyuma. Aliwaelewa vizuri, Kimeru na Kiembu ni ndugu. Akanitazama mimi, akatafuta mtu wa kumpa mtoto, hapakuwa na mtu. "Hapana, mkwe," akasema. "Si mimi. Hapana."

"Sisi tumesimama kwa jua," mama mkwe akasema, "na njaa iko. Mtu atuambie nani amekuja, tuingie."

Wakaimba tena. Na hapo nikaona alichokifanya. Hawangeingia. Kanuni ile ile iliyokuwa imfungie mama yangu nje ndiyo sasa imemfungia ndani, kizingitini, na mtoto mikononi, na hakukuwa na njia ya kutoka ila kujibu. Alisema kitu, chini chini, wa mbele peke yao ndio waliosikia.

"Hatujasikia!"

Akainua kichwa akalisema jina lake. Alilisema kwa sauti, lote, kama lilivyo. Nilikuwa na umri wa mtu mzima, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia likitoka kwake. Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa majirani kwenye nyumba zao. Wanawake wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akimsalimu mtoto kwa jina lile, kisha akimsalimu mama kwa jina lile lile, wakilitamka Kimeru Kimeru, na mama akiitikia huku machozi yanamdondokea mtoto kwenye shali.

Baadaye nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa anapakua chakula na kulaumu sufuria zangu.

"Mama, mlikuwa mmepanga?"

"Kupanga nini?"

"Mambo ya jina."

"Mimi mkono iliuma, mwalimu," akasema, akanitwika bakuli la viazi. "Peleka hii. Na imepungua chumvi."

Sikuridhika. Nilimshika mmoja wa wale wanawake aliokuja nao, mama mnene mwenye kicheko. Akaniapia kwamba hawakuwa na habari, walikuja kwa ajili ya rafiki yao na zawadi zake wamebeba. "Sasa mlijuaje la kufanya?" Akanishangaa. "Si aliuliza? Mwenzako akianza wimbo, unamwacha aimbe peke yake?"

Nimelifikiria jambo hili kila muhula tangu siku ile, na kila mara linanizidi. Ikiwa utamaduni ni kanuni zilizo vichwani, basi vichwa vyote pale mlangoni vilikuwa na kanuni nyingine. Ikiwa ni kisanduku cha fundi, fundi huyu alichukua kifaa cha kumnufaisha mwingine na kujikata mwenyewe, maana alirudi milimani na kitenge chake kipya na jina lake halikuitwa, na watu alikuwa ameshawatangazia. Ikiwa uko mwilini, naam, ile miguu iliyokataa kuvuka kizingiti ilijua mengi. Lakini ni mguu gani ulijua kwamba safari hii mlango ugeuzwe? Nasimama mbele ya wanafunzi na chaki mkononi nikiwa na heshima niliyokuwa sina zamani. Najua niliona kitu kikubwa kikipita karibu nami, kimebebwa na wanawake waliokuwa na njaa. Zaidi ya hapo sina fasili ya kuwapa, na nimeacha kuona haya kusema hivyo.

Halafu kuna hili, ambalo linanishangaza kuliko yote. Hakuna mtu, kule milimani wala Kanja, anayesema desturi ilivunjwa. Waulize leo. Watakuambia kwa utulivu kabisa kwamba mwenye binti mmoja huzaliwa kwanza, na kwamba mama mkwe ndiye anayemkaribisha. Watakuambia imekuwa hivyo tangu zamani. Shangazi mmoja wa mume wangu alinieleza kanuni hiyo kwa kirefu, nikairekodi, na sikuthubutu kumwambia kwamba nilikuwepo ilipozaliwa.

Jioni ile wageni walipoondoka, mama mkwe akiwa wa mwisho kupanda gari na wa kwanza kuanzisha wimbo, nilikwenda chumbani kumwangalia mtoto. Mama alikuwa amekaa kitandani, amempakata, mgongo ameuelekeza mlangoni. Hakunisikia. Akaita jina lake, kwa upole, kwa ile sauti wanayotumia kule Mbeere kumwita mtoto aliyeko mbali malishoni akichunga mbuzi. Akangoja. Mtoto alikuwa macho, anamtazama, lakini alikuwa bado hajui kuitika.

Akaitika yeye.